Fomu Zisizo na Masizi

Mzee Orina alikufa kitandani mwake, asubuhi, baada ya kumaliza uji. Mwanawe Mogaka ndiye aliyenipigia simu, na neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole. Niliuliza, "Kitandani?" Akasema, "Kitandani, ndugu yangu. Na uji aliumaliza." Wakati huo nilikuwa Narok nikichomelea mageti, maana sijawahi kukaa na kazi moja mpaka ikanizoea. Nilizima mashine nikaketi chini hapo hapo katikati ya vyuma. Mteja aliyekuwa akisubiri geti lake alidhani nimefiwa na baba, nami sikumsahihisha. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimemwota mzee huyo akifa kwa njia nyingine, siku zote ile ile, mbele ya tanuri, mkono wake wa kulia umenyoshwa kuelekea swichi. Sasa alikuwa amekufa kama watu wanavyoomba wafe, na bado sikuweza kuinuka, kwa sababu kuna mwaka mmoja ambao kifo cha kitandani kilikaribia kumpita, na karatasi zenye sahihi yangu zilikuwa zinasema kila kitu ni salama.

Siku mbili baadaye simu ikatoka kwa Sista Akinyi. Alikuwa nesi wa zahanati katika kiwanda cha chai tulikofanya kazi sote kule Gesima, mama wa upande wa ziwani aliyekuja Nyamira kwa ajili ya kazi, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati yetu ya usalama. "Maswali," akasema, kwa jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniita tangu niondoke kule, "unakuja kuzika?" Nikamwambia nakuja. "Basi tukutane Keumbu, tupande pamoja. Nina kitu chako." Nikauliza ni kitu gani. "Fomu zako za boila," akasema. "Nilipostaafu nilizitoa kwenye faili. Sikutaka kuziacha kule." Usiku huo sikulala vizuri. Mwanamume mwenye mvi, anayepanda juu ya mapaa ya watu na kushika nyaya za umeme bila kuwaza, nilikuwa naogopa karatasi.

Tulikutana katika hoteli moja iliyo nyuma ya soko, yenye meza ndefu na kalenda ya kanisa ukutani. Sista alikuwa amezeeka vizuri, magoti tu ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua. Aliagiza ndizi za kupikwa na nyama kwa watu wawili bila kuniuliza, kama zamani, akaweka bahasha ya kaki katikati ya vikombe vya chai, akaifunika kwa kiganja. "Kula kwanza," akasema. Nilikula. Kila tonge nililipitisha mbali na ile bahasha.

Nilikwenda kiwandani nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na katikati ya hapo nilikuwa nimepakia ndizi Keumbu, nimesugua vinyago vya mawe ya sabuni mpaka vidole vikawa vyeupe, nimefungua redio za watu Mosocho na nyingine kushindwa kuzifunga. Kiwandani sikufuata mshahara hasa. Nilitaka kujua jani la kijani linakuwaje jeusi. Kwa muda wa miezi miwili ya kwanza niliuliza kila mtu: kwa nini majani yananyaushwa kwanza, kwa nini yakisagwa yanabadilika rangi, kwa nini hewa hii na si ile. Ndipo wakaniita Maswali. Nilikaa kwa kina Mogaka, ambaye tulikuwa pamoja kwenye mashine za kusaga. Alinikaribisha katika esaiga yake, ile nyumba ndogo ya kijana asiyeoa iliyo pembeni ya boma, na mama yake akawa anatuletea sahani mbili badala ya moja. Nakumbuka mboga zake za chinsaga, chungu chungu, zilizolazwa kwenye maziwa, na ugali wa wimbi mweusi kama udongo wa shamba. Mama Mogaka hakuniuliza nimetoka wapi. Aliuliza tu kama nimeshiba.

Kamati yenyewe ilianzishwa na vidole vya Ombati. Ombati alikuwa mtu wa mzaha, fundi wa roli za kusaga, na majani yalipokwama alikuwa akiyasukuma kwa mkono huku mashine ikizunguka, kama sisi sote, kwa sababu kuizima na kuiwasha kulichukua muda na msimamizi alikuwa akitazama. Siku hiyo roli zilivuta shati kwanza. Nilikuwa upande wa pili. Sauti niliyoisikia haikuwa ya Ombati, ilikuwa ya mashine, ambayo ilibadilika kidogo tu kama mtu anayetafuna kitu kigumu, kisha ikaendelea. Vidole vitatu. Majani yaliyotoka upande wa pili tuliyatupa, lakini mpaka leo sinywi chai bila kuitazama kwanza.

Mkaguzi wa serikali akaja, akauliza kamati ya usalama iko wapi. Hakukuwa na kamati. Akamwambia meneja kwamba mahali penye wafanyakazi ishirini na zaidi sheria inataka iwepo, nusu kutoka kwa wakubwa, nusu wachaguliwe na wafanyakazi. Basi tukakusanywa kwenye banda la kupimia majani, mvua ikinyesha pande zote, na meneja akasema tuchague watu wetu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si tumchague Maswali? Angalau huyo atawauliza." Watu wakacheka na mikono ikapanda. Nilijivuna kwa muda wa siku moja. Kesho yake nilikuwa nyuma ya kantini nikiosha kikombe, na ndani wanaume wawili wa zamu yetu walikuwa wanakula.

"Mmefanya vizuri kuchagua yule," mmoja akasema.

"Anajua kusoma?"

"Kusoma si kitu. Akifukuzwa, hana shamba la chai hapa. Mimi nikimkosea meneja, chai yangu itapimwa na nani?"

Wakaendelea kula. Mimi nilisimama na kikombe mkononi na maji yakinichuruzika hadi kiwikoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliogopa mwaka ule, na ulikuwa woga mdogo, woga wa mtu anayegundua amewekwa mbele kwa kuwa hataliliwa na mtu.

Tulikutana katika chumba cha kuonjea chai, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na meza ya kutosha. Vikombe vyeupe vilipangwa mstari mrefu, na kando palikuwa na ndoo ya kutemea. Meneja aliketi upande wa ndoo. Sista Akinyi aliandika kila neno, hata kikohozi nadhani. Tulianza na mambo madogo. Tulitaka kizuizi cha chuma kirudishwe kwenye roli, kilikuwa kimetolewa zamani kwa sababu kinachelewesha. Tulitaka buti. Tulining'iniza ringi ya lori karibu na banda la mizani iwe kengele ya hatari, na tukapaka mstari wa manjano mahali pa kukusanyikia. Mara ya kwanza tulipoipiga kwa majaribio, watu walitoka wakitembea, wengine na chapati mkononi. "Maswali, moto uko wapi?" wakaniuliza. "Au umeusahau nyumbani?" Ombati, aliyekuwa amerudi na mkono uliofungwa, ndiye pekee aliyefika kwenye mstari akikimbia.

Kisha Sista akatengeneza fomu. Ukurasa mmoja, maswali mafupi, viboksi vya kutia tiki, na nafasi ya sahihi chini. Kila Ijumaa kila mjumbe angekagua sehemu yake na kumrudishia. Mimi nilipewa nyumba ya boila, kwa sababu wengine hawakuitaka. Ilijengwa ikigusana na chumba cha kuchambulia chai, ukuta mmoja tu katikati, na upande wa pili wa ukuta huo wanawake wa kuchambua walikaa mchana kutwa. Mtu wa boila alikuwa Mzee Orina, baba yake Mogaka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Sisi Wagusii, yaani Wakisii, tuna ensoni. Watu wa nje huiita haya, lakini ni zaidi ya haya, ni ua uliopandwa kati ya kizazi na kizazi. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe mkubwa. Mwana hasemi upuuzi mahali baba anaweza kusikia, na hamwoni baba akiwa amevua nguo. Tena baba si yule aliyekuzaa peke yake. Mtu ambaye unalala na mwanawe chini ya paa moja na kula sahani ya mkewe ni baba yako, unamwita Tata, na ua ni ule ule. Sasa Mzee Orina, kwa sababu ya joto la tanuri, alifanya kazi akiwa na kaptura tu, kifua wazi, fulana ameifunga kichwani. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza nilifika mlangoni, nikageuza mgongo, nikakohoa.

"Nani?" akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Tata. Nimeleta karatasi ya kamati."

Nilisikia akisimama, akisita. Hakuweza kuacha moto. Mimi sikuweza kuingia. "Basi uliza," akasema.

"Kioo cha maji?"

"Kipo."

"Maji yako kiasi gani?"

"Katikati."

"Valvu ya usalama?"

"Iko sawa."

Niliweka tiki nikiwa nimetazama marundo ya kuni. Wabeba kuni waliokuwa pale walitikisa kichwa kwa kuridhika, kijana ana adabu. Na hivyo ndivyo tulivyofanya Ijumaa baada ya Ijumaa. Mimi mlangoni na mgongo wangu, yeye ndani na sauti yake. Mtu niliyeuliza kwa nini kuhusu kila kitu kiwandani mle sikuwaza hata mara moja kwamba nilikuwa nakagua kuni.

Miezi kama sita ikapita kabla mkaguzi hajarudi kutufundisha. Alisimama katika chumba cha kuonjea, akachora yai kubwa kwenye ubao. "Hili ni boila," akasema. "Ndani ni maji, chini ni moto. Maji yakiwa hapa, mko salama. Yakishuka chini ya hapa, chuma kinaiva. Mtu wa boila anatazama kioo hiki, kinamwonyesha maji yako wapi. Sasa tuseme hakutazama. Maji yamekwisha, chuma ni chekundu, halafu anashtuka, anawasha pampu, maji baridi yanagusa chuma." Hakumaliza. Alilifuta yai lote kwa kiganja, akapanguza mkono kwenye suruali. "Maji yakipotea kwenye kioo, huongezi maji. Unaondoa moto na unatoa watu. Kwanza moto, kisha watu, na pampu huigusi." Niliuliza, maana ni mimi, kama kioo hakiwezi kudanganya. "Kinaweza kuziba," akasema. "Ndiyo maana sheria inataka kioo, na inataka macho ya mtu."

Tangu siku hiyo nililisikia boila hata nikiwa kwenye roli, ambako hakuna kinachosikika. Nilihesabu hatua kutoka mahali pangu hadi mlango wa nje. Wanawake wa kuchambua walipocheka upande wao wa ukuta, nilishtuka. Lakini nilijituliza: mzee yule alilipokea boila lile likishushwa kwenye lori, analijua kuliko mkewe. Macho ya mtu yapo.

Wiki ile ile, jioni, nilikwenda jikoni kurudisha sahani. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mzee alikuwa ndani anakunywa chai, kwa hiyo nilisimama nje, nikivuta pumzi ili nikohoe, na nikasikia Mama Mogaka.

"Hiyo ni chumvi. Sukari nimeweka mkono wa kushoto, kila siku nakuambia."

"Punguza sauti."

"Utawaambia lini?"

"Msimu ukiisha."

"Na ule moto?"

"Moto nausikia," akasema Mzee Orina. "Pampu naisikia. Maji yanavyopita kwenye bomba nayashika kwa mkono. Miaka hii yote, unafikiri ninahitaji kutazama?"

"Huoni hata kikombe, baba Mogaka."

Sikukohoa. Niliweka zile sahani chini kwenye nyasi, polepole, kama mtu anayeweka yai, nikarudi esaiga kwa kunyata. Mogaka aliniuliza kama nimeona nyoka.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake nilifanya jambo. Sikufanya. Kwanza, ningemwambia nani? Mogaka ni mwanawe wa damu, na kumwambia mtu kwamba baba yake haoni na anaficha ni kumvua mzee yule nguo mbele ya mtoto wake. Meneja angemfukuza kabla jua halijatua. Na nilikuwa nimekula nyumbani mwake, mwaka mzima karibu, na siri yenyewe nilikuwa nimeiiba mlangoni. Kwa upande mwingine wa mizani palikuwa na yai lile lililofutwa kwa kiganja. Siku ya Ijumaa nilikwenda, nikageuza mgongo, nikakohoa, nikauliza, "Kioo cha maji?" Akajibu, "Kipo." Nilijua haoni, naye hakujua najua, na mkono wangu ukaweka tiki. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu, kalamu ilitoboa karatasi. Nilianza kuumwa tumbo. Sista Akinyi alinipa dawa ya vidonda vya tumbo, akanitazama kwa muda mrefu kuliko dawa ile ilivyohitaji. "Ni tumbo tu?" akauliza. Nikasema ni tumbo tu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaandika kwenye kadi yangu.

Ijumaa ya nne mvua ilianza saa nane mchana. Anayeijua Gesima anajua mvua hiyo, haitoi taarifa, inaanguka yote mara moja, na kiwanda chote kilikuwa cha mabati. Ulikuwa msimu wa majani mengi, draya zote, zile mashine za kukaushia chai, zilikuwa zinakula mvuke. Nilitembea kuelekea nyumba ya boila na fomu chini ya shati ili isilowe, nikafika mlangoni, nikageuza mgongo, nikakohoa. Sikujisikia mwenyewe. Nikakohoa tena kwa nguvu. Mvua ilikuwa imeshika mabati kama mawe yanayomwagwa, na ndipo jambo likanipanda kutoka miguuni. Moto nausikia, alikuwa amesema. Pampu naisikia. Leo hakuna mtu anayesikia chochote. Huyu mzee leo hana macho wala masikio.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nadhani ulikuwa mfupi, lakini ndio muda mrefu zaidi maishani mwangu. Nilikuwa naogopa boila, na nilikuwa naogopa kifua cha mzee, na nisiseme uongo, sikujua kipi ninakiogopa zaidi. Kisha nikageuka nikaingia.

Joto lilinipiga usoni. Alikuwa amenipa mgongo, mgongo wa mtu mzima, wenye makovu madogo ya cheche na mifupa inayoonekana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bomba linaloingiza maji. Akaliachia haraka. Kisha akalishika tena, na nikaona bega lake likikaza. Bomba lilikuwa la moto. Maji baridi yangekuwa yanapita, lingekuwa la baridi. Nilitazama kioo. Hapakuwa na mstari wa maji, si katikati, si chini, kilikuwa kitupu na kikavu kama chupa ya taa iliyozimwa. Pampu ilikuwa imejizima, hakuna ajuaye saa ngapi, na mvua ilikuwa imemfichia. Na sasa alikuwa amegundua, na alifanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umefanya kwa miaka mingi, akanyosha mkono wa kulia moja kwa moja kuelekea swichi ya pampu, bila kupapasa.

Nilimshika kifundo cha mkono. Nilikuwa sijawahi kumgusa, hata kumsalimu kwa mkono.

"Nani?" akasema.

Kumjibu ni kumwambia ni nani aliyemwona. "Usiwashe, Tata," nikasema. "Kioo ni kitupu."

Hakuvuta mkono. Alisimama, uso wake ukigeuka kunitafuta, na ule mkono mwingine ukapanda ukafunika kifua. "Umeingia," akasema.

"Nimeingia. Maji yameisha."

Nilimwona akielewa, yote mawili kwa pamoja, kuhusu maji na kuhusu macho yake. Halafu akaacha kujifunika. "Shika ile reki," akasema kwa sauti ya kazi. "Hapana, ile ndefu. Vuta moto, anza upande wako. Usipige chuma." Yeye mwenyewe alikwenda kwenye vilango vya hewa na kuvifunga, kimoja baada ya kingine, bila kukosea hata kimoja, na akarudi akachukua reki ya pili. Tulivuta magogo yanayowaka tukayatoa sakafuni, bega kwa bega, yeye kifua wazi na mimi nikilia kwa moshi, nafikiri ni moshi. "Sasa nenda ukapige hiyo ringi yenu," akasema. Nikamwambia twende pamoja. "Nenda. Mimi najua njia ya mlango." Nilimshika mkono nikamtoa. Hakunikatalia.

Niliipiga ile ringi mpaka nyundo ikanitoka. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakaona mvua, wakasimama vizingitini. "Maswali ameanza tena," mtu akasema. Ombati ndiye aliyepita katikati yao akikimbia, ameinua ule mkono wake juu, vidole viwili tu hewani, na walipomwona wakamfuata. Tulisimama kwenye mstari wa manjano, wote, wanawake wa kuchambua na aproni zao, meneja na mwavuli, tukalitazama bomba la moshi. Nilisubiri mlio. Saa nzima nilisubiri, meno yakigongana, na hakuna kilichotokea. Moshi ulipungua, ukaisha. Mvua ikakatika. Majani ya siku nzima yalikuwa yameharibika ndani, na meneja akanijia akauliza ni nani aliyeniruhusu kuzima kiwanda. Sista Akinyi akasema, "Kamati," na akaliandika neno hilo mbele yake, kwenye daftari lililolowa.

Mafundi walilifungua boila Jumapili. Yule mkubwa wao aliingiza tochi, akatazama juu kwenye mabomba ya ndani yaliyokuwa yamegeuka rangi ya buluu kwa kuungua, akaitoa tochi, akauliza ni nani aliyekuwa zamu. Wakamwambia. "Aliongeza maji?" Wakamwambia hapana. Akaenda nje akakaa juu ya kuni.

Mzee Orina alirudishwa nyumbani kwa maneno mazuri. Sista alimpeleka mwenyewe Kisii kwa daktari wa macho, ikawa ni mtoto wa jicho, wakampasua jicho moja kisha lingine. Lakini tangu Ijumaa ile hakunisemesha. Nilipomwona uani niligeuka, aliponisikia aligeuka. Mama Mogaka aliendelea kuleta sahani mbili, akaziweka mlangoni zikiwa zimefunikwa, bila kuuliza kama nimeshiba. Nilingoja kufukuzwa na hakuna aliyenifukuza, na hilo lilinitisha zaidi. Jioni moja, baada ya wiki nyingi, nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni akimwuliza mkewe, "Yule kijana amekula?" Mama Mogaka akasema amekula. "Aongezewe," akasema. Kesho yake nilifunga mfuko wangu. Sijui kwa nini mtu anaondoka siku anaposamehewa, lakini ndivyo nilivyofanya, na nimekuwa nikiondoka mahali pengi tangu hapo.

Pale Keumbu, sahani zilipoondolewa, Sista aliinua kiganja na kuifungua bahasha. Alizipanga fomu mezani kwa mstari, kama vikombe vya kuonjea. "Tazama," akasema. Niliona sahihi yangu ya ujana, yenye mikia mingi. Niliona ile iliyotobolewa na kalamu. Nikamwambia natazama nini. "Fomu za roli zilikuja na grisi," akasema. "Za kuchambulia zilikuja na vumbi la chai. Hizi zako za boila zilikuja nyeupe kama leso ya kanisa. Kila wiki. Kule ndani huwezi kugusa kitu ukatoka bila masizi. Nilijua huingii, Maswali. Tangu wiki ya pili."

"Na hukuniuliza."

"Mimi mwanamke wa ziwani, niwaulize Wakisii kwa nini wanaheshimu wazee wao?" Alikunja ncha ya bahasha, akaikunjua. "Kwetu pia kuna mambo ya wakwe, nilijua kunanuka heshima hapo. Nikaogopa. Siku ile umekuja na tumbo, nilikuwa nakaribia kuuliza. Nilikupa dawa." Mhudumu akapita akauliza kama tunaongeza chai. Kisha Sista akatoa ya mwisho, ya Ijumaa ile, ambayo nilikuwa nimeisahau chini ya shati hadi yeye mwenyewe alipoitoa pale kwenye mstari wa manjano. Hakukuwa na tiki hata moja. Ilikuwa nyeusi karibu yote, na katikati palikuwa na alama ya kiganja kikubwa kuliko changu. Lazima ni pale nilipomtoa nje, alipojishikilia kifuani mwangu, shati likiwa wazi kwa lile joto, ili asijikwae. "Hii ndiyo pekee niliyoiamini," akasema, akanisukumia.

Tulifika Gesima mchana. Jeneza lilikuwa limeingizwa ndani ya nyumba kwa familia kumwona kabla halijatolewa uani, na kwaya ya kanisa ilikuwa inapumzika chini ya turubai, ikinywa soda. Mogaka alinikumbatia, naye ana kitambi sasa, akaniambia niingie pamoja na wana wengine. Nilipofika kizingitini miguu ilisimama yenyewe. Niligeuza mgongo kwa mlango, nikatazama majani ya chai yaliyoshuka hadi bondeni, na kabla sijajizuia nikakohoa. Nikangoja kujibiwa. Watu wa turubai walinitazama.

"Ni nani anakohoa hapo?" sauti ya Mama Mogaka ikauliza kutoka ndani, nyembamba kuliko zamani.

"Ni Maswali, mama," Mogaka akasema.

Nikasikia kiti kikisogezwa kando ya jeneza.

"Mwambie aache kusimama huko nje," akasema. "Yeye alishaingia."